Breka ya Mkwe

Bulla Pesa, Isiolo
11 Januari 2025

Kwa mpwa wangu Ruweida, huko Rapsu kwenye pampu za watu,

Asalaam aleikum. Nyumbani tuko, alhamdulillahi, isipokuwa goti la mke wangu Isnino ambalo limeamua kuzeeka kabla ya mwenyewe. Mvua ilipita hapa siku mbili, ikaacha matope, ikaenda zake. Binti yangu Abiba yuko hapa na mtoto, wamekuja kupumzika kidogo. Mtoto ameota meno mawili na anauma watu. Ukifika Kinna mwambie mamako ndugu yake aliyebaki kumsalimu ni mimi tu, na najua hataitikia mpaka amalize kulalamika.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu imenishinda. Masikio yangu yaliliwa na nyundo na grainda, kwa hiyo simu naifungua sauti yote, na jirani wa nyumba ya tatu ndiye anayejibu salamu. Dereva wa pikapu ya nyanya anapita kwenu kila wiki. Atabeba.

Sasa nikuchekeshe. Unaijua karakana yangu hapa nyuma ya nyumba. Tangu ninunue mashine kubwa ya kuchomelea, ile breka ya kukata stima, ya ampea ishirini, ukutani ilinitesa. Nagusa chuma mara mbili, ta! imejizima. Naiwasha, nagusa tena, ta! Mteja amesimama ananitazama kama ni mimi niliyeharibika. Basi nimeing'oa, nimeweka ya sitini na tatu. Ruweida, hiyo ndiyo breka. Haijajizima hata siku moja. Nachomelea mageti tangu asubuhi mpaka adhuhuri bila kupumzika. Nyinyi mliokaa chuoni miaka miwili mkifundishwa kuogopa stima mngeniandikia hesabu kurasa mbili. Mimi nimemaliza na bisibisi moja.

Kuna jambo dogo tu. Ukuta unapata joto pale waya unaposhukia. Naona ni jua la Januari. Kama chuoni kwenu mna jina lingine la jua, andika, nicheke.

Mjomba wako,
Huka


Rapsu
19 Januari 2025

Abuya Huka, mjomba wangu,

Waaleikum salaam, na heshima zote za kaka ya mama yangu. Mimi ni mzima. Pampu mbili zinavuta maji, ya tatu nyani wametafuna bomba lake na sasa wanakuja kila asubuhi kunitazama nikilishona. Vitunguu vimetoka vizuri. Mama anakusalimu, na ni kweli alianza na malalamiko. Mpe pole mama Isnino kwa goti. Mbusu mtoto wa Abiba, lakini kwa mbali.

Sasa niruhusu nivue heshima niiweke mlangoni pamoja na viatu. Nitaivaa nikitoka.

Abuya, nani amewadanganya mafundi wa Isiolo kwamba breka inalinda mashine? Breka inalinda waya. Waya mwembamba ukilazimishwa kupitisha stima nyingi unapata moto, na breka ya saizi yake inakata mapema kabla ganda halijayeyuka. Ile ya ishirini haikuwa mbovu. Ilikuwa inakuambia ukweli kila siku, nawe ukaifukuza kazi kwa kusema ukweli. Sasa umeajiri nyingine ambayo haitafungua mdomo mpaka stima izidi mara tatu, na kabla ya hapo waya utakuwa umekwisha kuwa uji. Umemfunga fahali kwa kamba ya mwanambuzi, kisha unajisifu kwamba hujasikia kelele.

Jua halichagui mahali pa upana wa vidole viwili ukutani, likaacha pengine pote.

Naomba mambo matatu kabla sijakosa adabu zaidi. Zima meni swichi, kisha usome unene ulioandikwa kwenye ganda la waya: ni 2.5, ni 4, ni 6? Niambie unapita wapi. Na niambie ng'ambo ya huo ukuta ni chumba gani na analala nani. Kisha rudisha ile ya ishirini leo leo. Isipowezesha kuchomelea, usichomelee.

Nimevaa viatu.

Mpwa wako,
Ruweida


Bulla Pesa, Isiolo
2 Februari 2025

Mpwa wangu,

Asalaam aleikum. Barua yako ilifika ikiwa na nyanya moja iliyopasuka juu yake, na nilipoisoma nilidhani ni wewe uliyeitema. Tuko salama. Mbuzi wa jirani amezaa pacha. Goti la Isnino ni lile lile. Abiba bado anapumzika.

Sikujibu haraka kwa sababu nina kazi. Kuna watu wana kazi, na kuna watu wanashonea nyani mabomba.

Nimesoma huo waya. Umeandikwa 2.5. Mawira ndiye aliyeutandika, unamkumbuka, yule Mmeru anayetandika nyumba nzima kwa siku moja. Unatoka kwenye boksi la stima mbele, unapita juu ya dari chini ya mabati, unashuka ukuta wa nyuma mpaka karakana. Ng'ambo ya ukuta ni chumba cha Abiba. Tena Abiba amesogeza godoro pale, mtoto analala usingizi wake wa mchana vizuri kwa sababu ukuta una joto zuri. Umeona? Kuna wanaofaidika.

Breka ya ishirini haipo. Nilimpa mtu. Au imepotea. Pia Mawira alipita juzi, akalitazama boksi, akatikisa kichwa, akanywa chai, akaenda. Fundi wa miaka ishirini hakulia wala hakuandika barua ya matusi.

Na usiwe na wasiwasi wa nyumba. Nyumba inanukia vizuri kuliko zamani. Siku hizi kila nikianza kuchomelea Isnino anawasha dabqaad, chetezo chake, na kufukiza ubani vyumba vyote. Wageni wanasifu.

Mjomba wako,
Huka


Rapsu
9 Februari 2025

Abuya,

Waaleikum salaam. Sina habari za nyani leo. Mama ni mzima.

Nimekisoma kipande cha ubani mara nne. Nimekaa Bulla Pesa kwenu miaka yangu yote ya sekondari. Mama Isnino hufukiza ubani Alhamisi jioni, na wageni wanapokuja, na nguo za Ijumaa zinapoandaliwa. Tangu lini ubani unafukiziwa mageti?

Nijibu mimi mwenyewe, maana wewe hutajibu. Ukichomelea kuna harufu. Si ya chuma. Ni kama samaki aliyelala juani, na inatoka darini. Hiyo ndiyo harufu ya ganda la waya likiungua, Abuya. Waya una njia mbili tu za kuwaita watu, breka na harufu. Breka mmeiziba mdomo, na harufu mmeifunika kwa ubani. Sijapata kuona nyumba inayojitahidi kiasi hicho kuungua.

Waya wa 2.5 juu ya dari ya Isiolo, pale ambapo mabati yanaweza kukaanga yai, mwisho wake ni breka ya ishirini, na mimi ningeweka kumi na sita ili nilale vizuri. Mashine ya kuchomelea ipewe waya wake peke yake, wa 6, kutoka boksi mpaka karakana bila kiungo katikati, na breka ya thelathini na mbili. Hapo ikijizima tunaikagua mashine. Hatukuzi breka. Mtu akikuambia ukuze breka, mnyang'anye bisibisi.

Ndani ya kreti ya nyanya, chini kabisa, nimekufungia breka ya ishirini kwenye kitambaa cha buluu. Mpya. Kwa hiyo sasa haijapotea. Na kila ukichomelea kabla ya kuibadilisha, mtoto asilale chumba kile.

Bado hujaniambia kitu kimoja. Ya sitini na tatu uliipata wapi? Wewe hununui hata msumari mpya kama kuna wa kunyoosha.

Ruweida


Bulla Pesa, Isiolo
1 Machi 2025

Ruweida,

Asalaam aleikum na Ramadhani njema. Breka yako imefika. Iko kabatini pamoja na kitambaa chake.

Kwa kuwa unapenda kuchimba, chimba. Breka ile ni zawadi ya Dahir, mume wa Abiba. Abiba hakuja kupumzika. Alitoka kwake Oktoba baada ya maneno mabaya na mama mkwe, na nilikaa miezi miwili watu wakiniuliza msikitini binti yako anarudi lini. Mwezi wa kumi na mbili Dahir alikuja na wazee wawili. Alileta sukari, majani ya chai, shuka la Isnino, na mimi akanipa boksi dogo kwa mikono miwili mbele ya wazee, akasema amesikia stima inanisumbua kazini. Hakuna mkwe aliyewahi kufikiria kazi yangu. Niliifunga ukutani siku hiyo hiyo, wazee wakitazama, na wakasema nyumba hizi mbili zimepatana.

Atakuja Idi kumchukua mke wake. Unataka aingie aone ukuta mtupu? Unataka nimwambie mkwe, mbele ya wazee wake, zawadi yako ingetuua? Kati ya mtu na mkwe wake hata kukohoa kuna adabu yake. Wewe hujaolewa wala huna binti, huwezi kujua.

Usiniandikie tena juu ya jambo hili. Ukiandika, andika habari za vitunguu.

Huka


Rapsu
6 Machi 2025

Abuya,

Waaleikum salaam. Vitunguu vimeng'olewa. Habari zao zimeisha.

Nimekuelewa sasa, na ningependa nisingekuelewa. Nilidhani ni ujinga, na ujinga nina dawa yake. Kumbe unajua.

Basi mheshimu mkwe wako. Iache breka yake pale pale ukutani, ipanguse vumbi, itundikie shada la maua ya plastiki, ila usiiunganishe na waya wowote. Itakaa pale imevimba, haifanyi kazi yoyote, na hakuna atakayegundua, maana kuna wanaume wengi hukaa hivyo sebuleni miaka mingi na wanaamkiwa kwa heshima. Pembeni yake funga ya ishirini. Ni kazi ya dakika kumi na tano stima ikiwa imezimwa. Mawira anaweza.

Ndiyo, nimesema Mawira, sijasema mimi. Nilipomaliza chuo, ulipokuwa unaongeza chumba cha nyuma, nilikuja na mkanda wangu wa vifaa kiunoni. Ulisema mbele ya watu kwamba binti wa nyumba hii hapandi dari. Ukamwita yeye, na mimi nikawapikia chai. Kwa hiyo wamalize wanaopanda dari.

Lakini mtoe Abiba na mtoto kwenye chumba hicho. Hilo silisemi kwa dharau. Naogopa, Abuya. Nikifunga macho naona lile godoro. Acha kuchomelea mpaka Idi ipite. Nakuomba, na unajua mimi si mwepesi wa kuomba.

Ruweida


Bulla Pesa, Isiolo
3 Aprili 2025

Ruweida, mpwa wangu,

Asalaam aleikum. Mtoto ni mzima. Naanza na hilo ili usome mengine ukiwa umekaa.

Dahir alikuja Idi pili na wale wazee wawili. Baada ya chakula cha mchana mzee mmoja akauliza, ile zawadi inafanyaje kazi? Nikavimba kichwa. Ningeweza kusema leo ni sikukuu. Niliwapeleka karakana, nikavaa miwani, nikaanza kuunga geti. Nilichomelea kwa muda mrefu kuliko siku yoyote, kwa sababu walikuwa wanatazama.

Harufu ikaja. Isnino akaleta dabqaad, akatia ubani, akaongeza. Dahir akakohoa akasema, "Baba, hii ubani yenu mbona inanuka omena?" Wazee wakacheka. Mimi nikacheka zaidi yao, na sikuzima mashine.

Abiba ndiye aliyepiga kelele. Waya ulikuwa umeyeyuka juu ya dari, na ganda lake lilikuwa linadondoka likiwaka, tone, tone, juu ya mto. Mtoto alikuwa amelala hapo. Abiba aliingia akamnyakua kwa mguu mmoja kama mbuzi, na tone moja likamwangukia yeye mkononi. Dahir alikimbilia boksi, akasimama mbele yake mikono imekauka, anauliza, "Nishike gani? Nishike gani?" Abiba akamsukuma, akapiga meni swichi kwa mwiko wa ugali mpaka ikashuka. Mto uliungua, na kipande cha dari. Mchanga wa karakana ulituokoa.

Breka ya sitini na tatu ilikuwa bado imesimama. Haikujizima. Nimekwenda kuitazama mara nyingi tangu siku ile.

Nikaing'oa kwa mkono wangu mwenyewe mbele ya wazee. Nilidhani Dahir ataondoka. Aliishika, akaigeuza, akasema, "Hii kitu ni nini?" Nikamwambia ni zawadi yako. Akafikiri, akasema, "Ah. Mimi nilimwambia mtu wa duka anipee ile kubwa." Alikuwa ameisahau, Ruweida. Niliilinda miezi minne, na mwenyewe alikuwa ameisahau.

Mawira alipokunywa chai ile alinieleza yale yale uliyoniandikia, na alikataa kuigusa. Nilikuficha. Nilijua tangu barua yako ya kwanza. Nilipima aibu yangu na mtoto wa binti yangu, nikaona afadhali joto la ukuta.

Abiba hakwenda na mume wake. Alisimama na mkono umefungwa kitambaa, akatuambia sote wawili, "Nyinyi mlikuwa mnaogopana, mimi na mwanangu ndio tulilala chini ya moto." Jioni ile hakula. Kesho yake alipanda gari la Kinna kwa mamako. Dahir alilia sebuleni. Mimi sikulia mbele yake, lakini nililia.

Nyumba haina stima. Nimeizima yote. Mawira sijamwita.

Njoo.

Huka


Bulla Pesa, Isiolo
12 Aprili 2025

Abuya,

Asalaam aleikum. Hii sikumpa dereva wa nyanya. Nakupa mkononi mwenyewe, hapa mlangoni, na najua utaniuliza kwa nini nakuletea barua wakati nimesimama mbele yako. Kwa sababu nikisema kwa mdomo, wewe na masikio yako nitalazimika kupiga kelele, na haya si ya kupigiwa kelele kwa kaka ya mama yangu.

Abiba yuko kwetu. Mkono unapona. Atarudi kwa Dahir, au kwako, au hatarudi kokote, na safari hii hataulizwa na wazee. Dahir amempigia mama simu mara sita. Mama amempa malalamiko yote aliyokuwa amekuwekea wewe, naye akayapokea.

Nilikukasirikia miaka mitano kwa sababu ya sufuria moja ya chai. Nilikupenda wakati huo huo, na hiyo ilinikera zaidi.

Sasa lililo gumu. Kutoka Rapsu mpaka hapa ni nusu siku. Nilijua Januari. Nilikuwa na breka, nilikuwa na waya, nilikuwa na mikono. Ningeweza kuingia humu na kuzima stima ukitaka usitake. Badala yake nilikaa kule nikinoa maneno, nikiyasoma kwa sauti na kujicheka mwenyewe jinsi yalivyo makali, nikisubiri uniombe. Wewe ulimlaza mtoto chini ya moto kwa ajili ya mkwe. Mimi nilimwacha hapo nikingoja neno moja, njoo. Usiniite fundi kabla hujalisoma hilo mara mbili.

Nimekuja na mita kumi na nane za waya wa 6, breka ya thelathini na mbili ya mashine yako, ya kumi na sita ya chumba cha Abiba, na ya sita ya taa. Waya wa zamani unatoka wote, hata ule unaoonekana mzuri. Wazee wale wawili wa Dahir wamekuja, wameketi pale nje, na majirani wanachungulia, na wote wataona nani anapanda.

Maliza kusoma, Abuya, uje unishikie ngazi.

Ruweida